Mazabodi ya kompyuta ndogo: igeuze uone mgongo kabla hujatoa hela

Meseji ninazopata siku hizi kuhusu kompyuta ndogo za mezani zinafanana mno. Dada nimejenga PC yangu ya ITX imetoka kali, ila nikianza kueksport video diski inachemka na kasi inashuka. Dada nataka kuongeza diski, fundi ananiambia mpaka tubomoe kompyuta yote, ni kweli au anataka hela? Ni kweli, hajakudanganya. Na nikiwauliza wananunua mazabodi (ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya kompyuta) gani, karibu wote wametaja zile ambazo sloti ya diski ya M.2 (ile SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) imewekwa mgongoni, yaani upande ule unaotazamana na bati la keisi.

Kwa hiyo leo siongelei taa, siongelei prosesa gani inakaa kwenye soketi gani, hayo yameshaandikwa sana. Naongelea mgongo, kwa sababu hamna muuzaji atakayekuambia na picha ya kwenye boksi inaonyesha uso tu.

Shida inaanzia kwenye ukubwa. Mini-ITX, ndiyo hiyo ITX, saizi ya mazabodi ambayo kampuni ya VIA waliitoa mwaka 2001, ni milimita 170 kwa 170, na humo inatakiwa ikae soketi ya prosesa, sloti mbili za RAM, sloti ya kadi ya grafiki, chipseti, plagi zote za nyuma na za ndani. Diski moja ya M.2 ya kawaida ina urefu wa milimita 80. Ya kwanza inapata nafasi mbele chini ya hitisinki (kipande cha chuma cha kupoozea), ya pili inakosa pa kukaa, basi mara nyingi inapelekwa mgongoni, afu kwenye tangazo wanaandika “sloti mbili za M.2” kana kwamba zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Kati ya mgongo wa mazabodi na bati la keisi kuna nafasi ya kama milimita 6 tu, hitisinki haiingii, upepo wa feni haufiki, na juu yake kuna prosesa inayochemka. Diski nyingi za NVMe, yaani hizi M.2 zenye kasi, zikifika nyuzi joto 70 na kitu kwenda 80 zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Sasa chukua kompyuta hiyo uiweke chumba kisicho na AC, Dar, mwezi wa pili, mpe mtu anaedit video masaa manne mfululizo, unadhani itakuaje?

Na siku ya kubadilisha hiyo diski ndo utaelewa kwanini napiga kelele. Unafungua bati za pembeni, unatoa kadi ya grafiki, unachomoa waya nene ule wa pini 24 ambao kwenye keisi ndogo umekunjwa na kubanwa hadi vidole havipiti, unachomoa waya wa prosesa kule kwenye kona, unachomoa vile viwaya vyembamba vya swichi ya kuwashia ambavyo ukisahau mpangilio unarudi kwenye manuali, unafungua antena za WiFi, ndo unafika kwenye skrubu nne za mazabodi. Unainyanyua na feni yake ya prosesa ikiwa bado juu, unaigeuza taratibu, unafungua kaskrubu kadogo kuliko punje ya mchele, kakidondoka ndani ya pawa saplai ni kazi nyingine. Yote hayo kwa sababu umetaka kuongeza diski! Kwenye mazabodi yenye sloti mbele ni dakika tano na bisibisi moja.

Sasa tupange. Mi ni mtu wa MSI na sifichi, nimewapenda muda mrefu kwa vile wanaweka vitu ambavyo mtu anayejenga kwa mikono yake anavihitaji.

Namba moja kwangu ni MSI MAG B650M Mortar WiFi. Najua utasema hiyo ni micro-ATX si ITX, sawa, lakini micro-ATX ni milimita 244 kwa 244 na keisi ndogo za kuipokea zipo, hata Cooler Master Q300L ambayo wengi mnaijua inaipokea na inakaa juu ya meza bila kuleta kero. Unapata sloti nne za RAM, M.2 mbili zote mbele na zote za Gen4 (kizazi cha nne cha PCIe, njia ya kasi ya data), na diski unaifunga kwa klipu ya kuzungusha kwa kidole badala ya kale kaskrubu. Pia ina kitufe cha Flash BIOS (BIOS ni programu ya kuamsha mazabodi), na hiki msikidharau, maana mazabodi za AM5 (soketi ya prosesa za AMD kama Ryzen) zilianza kutoka mwaka 2022 na nyingine zimekaa stoo muda mrefu na BIOS ya zamani isiyoitambua Ryzen 9000, kitufe hiki kinakuwezesha kuapdeti kwa flashi bila hata prosesa kuwepo. Kama keisi hujanunua bado, achana na ITX uchukue hii, sioni sababu ya kubishana.

Namba mbili ni MSI tena, PRO B760M-A WiFi DDR4. Hii ni ya Intel, soketi LGA1700, inapokea kizazi cha 12 mpaka cha 14. Zamani ningeiweka chini zaidi lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM za DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, imepaa vibaya kwa vile viwanda vya chipu vinakimbilia kuhudumia data senta za AI, na AM5 haikubali RAM nyingine zaidi ya DDR5. Kama una DDR4 zako kwenye mashine ya zamani unazihamisha tu. M.2 zake mbili ziko mbele. Ukiweka Core ya kizazi cha 13 au 14 za nguvu, apdeti BIOS siku hiyohiyo, Intel walitoa marekebisho mwaka 2024 kwa ajili ya zile zilizokuwa zinaharibika kwa volteji.

Namba tatu, kwa yule ambaye keisi yake ni ITX kama NR200 ya Cooler Master na hana pa kugeukia, ni MSI MPG B650I Edge WiFi. Nayo ina M.2 moja mgongoni, siwezi kuificha kwa sababu naipenda kampuni, ila ya mbele ina hitisinki ya maana na Flash BIOS ipo.

Namba nne Gigabyte B650I Aorus Ultra. Mazabodi nzuri, M.2 tatu ndani ya ITX, watu wanaisifia sana, lakini mbili kati ya hizo tatu ziko mgongoni. Wale wa ROG wa ASUS siwaweki, pale unalipia jina.

Za bei chee, yaani zenye chipseti ya H610 (Intel) na A620 (AMD), zinatosha kwa ofisi na shule. Basi.

Kitu kinachoniudhi ni namna zinavyouzwa. Duka linaposti picha iliyotolewa kwenye tovuti ya kampuni, bei haipo, ukiuliza unaambiwa njoo inbox, ukienda inbox unaulizwa uko wapi ndugu, bei unakuja kutajiwa baada ya kupimwa mfuko wako. Ukienda Kariakoo mwenyewe winga anakudaka mlangoni, anakuzungusha maduka matatu, na chake kimeshaongezwa juu ya bei. Ukiomba boksi lifunguliwe uone pini za soketi na mgongo wa mazabodi unaambiwa sili ikikatwa umenunua. Na ukishanunua, mali ikitoka dukani hairudi. Mtu ametoa laki kadhaa za jasho lake halafu ananyimwa haki ya kugeuza kitu akakitazama! Pakua manuali kwenye tovuti ya kampuni kabla hujatoka nyumbani, tafuta mchoro wa sloti za M.2, wameandika wazi kama iko upande wa nyuma.

Na wale ambao mmeshanunua yenye sloti ya mgongoni, Windows na kazi zako weka kwenye diski ya mbele. Ya nyuma iwe ya kuhifadhia mafaili tu, chagua yenye chipu upande mmoja na isiyokuja na hitisinki, ukubwa ununue ule utakaokutosha miaka mingi, na pima nafasi iliyopo kati yake na bati ubandike pedi ya kupitisha joto ya unene huo ili bati la keisi lifanye kazi ya hitisinki. Fanya hivyo kabla mazabodi haijaingia kwenye keisi.