Burns Night huku Massachusetts: msosi kidogo, hotuba ndefu, densi ndiyo mpango mzima

Watu wangu wa Lowell na viunga vyake, kila Januari mnalia ati hakuna pa kwenda na hii baridi. Basi kuna hii kitu ya Waskoti inaitwa Burns Supper, wanamkumbuka mshairi wao Robert Burns aliyezaliwa 25 Januari 1759, na vilabu vyao huiandaa kwenye miji mingi hapa Marekani. Mimi nilienda ya klabu fulani, jina naliacha manake nina malalamiko. Ukumbi wa kanisa, tiketi dola 80.

Tuanze na msosi. Supu ya kuku na liki ilikuja ikiwa moto, chumvi sawa, sina neno. Halafu wote tukaambiwa tusimame, jamaa wa bagpaipu, ile zumari ya mfuko, akaingia akipuliza, nyuma yake mpishi na hagisi kwenye sinia, yaani ule msosi wao wa nyama za ndani za kondoo zilizofungwa kama soseji kubwa, watu wanapiga makofi kwa mdundo mpaka wakafika meza kuu. Hapo mzee mmoja wa kilti, ile sketi yao ya wanaume, akaanza kuikariria hagisi shairi, yaani anaongea nayo kabisa, anaisifu uso kwa uso, shairi lenyewe la Burns la 1786, na lugha ni Kiskoti cha zamani sikushika hata nusu. Alipofika pahali pa kisu akaipanua kitu kwa nguvu, mvuke juu, mafuta yakaruka kwenye shati lake jeupe na hakujipangusa hata, akaendelea mpaka mwisho bila karatasi. Huyo mzee peke yake nampa tano kwa tano.

Ladha sasa. Ni moyo na maini ya kondoo, kitunguu, oti, mafuta na pilipili manga ya kutosha, na kama umekula mutura, soseji yetu ya matumbo huko Kenya, pale stage jioni hakuna kitu hapo cha kukutisha. Ile ya kwao Scotland huwekwa na mapafu pia, lakini Marekani walikataza mapafu kwa chakula tangu 1971, so ya hapa inaundwa bila. Niliipenda sana, na ndio maana nina hasira: kijiko kimoja! Sahani yote imejazwa viazi na rutabaga (mizizi kama tanipu) za kupondwa, na kuomba nyongeza nikaambiwa imeisha. Kwa dola 80, jameni? Kuna ya wasiokula nyama pia, ya dengu na maharagwe, jirani yangu mezani aliimaliza yote. Lakini huyo huyo jirani ni Mwislamu na dizati ikaletwa, krimu, rasiberi, asali, oti, na wiski imo ndani, hakuna mtu alisema kitu mpaka yeye mwenyewe akauliza. Hapo waandaaji mlikosea sana. Tena wiski ya toasti, yaani ya kuinua glasi kwa heshima ya mtu, ililipiwa kando, na kwa bango iliandikwa kama imo kwa tiketi.

Hotuba… mimi nimekulia PCEA, kanisa la Kipresbiteri kule Kenya lililoanzishwa na hao hao wamishenari wa Kiskoti, so hotuba ndefu ni maisha yangu, lakini hii ilipita. Maiki inakatika, mzungumzaji anarudia. Akamsifu Burns kama mtetezi wa wanyonge, sawa, ila hakugusa kwamba 1786 jamaa alikuwa amejipanga kwenda Jamaica kuwa karani kwenye shamba la watumwa, akabaki tu kwa sababu kitabu chake cha kwanza kilinunuliwa vizuri. Sentensi mbili tu zingetosha. Aliyeokoa jahazi ni mama aliyesimama kujibu toasti ya wanawake, ile hotuba ya kuwasifu wanawake, akasoma hesabu ya mshairi, watoto 12, wanawake wanne, na wa mwisho kazaliwa siku ile ile baba anazikwa, uso mkavu kabisa, ukumbi umekufa kicheko.

Halafu meza zikasukumwa kando. Fidla, ngoma na akodioni, na mtu wa maiki anakufundisha hatua kabla wimbo haujaanza, so usiogope kama hujui. Kuna moja mnapanga mistari miwili mkitazamana, mnashikana viwiko mnazungushana mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa mstari, na ukiachilia mkono mapema unaishia ukutani. Hiyo akodioni ikanipeleka moja kwa moja kwa mwomboko wa cucu, ile densi ya Wakikuyu ya nyanya yangu, hatua mbili na kuinama, na si bure, manake mwomboko ulizaliwa enzi za ukoloni na densi za Kiskoti zinatajwa kati ya zilizouchangia. Nilijaribu kuinama katikati ya densi yao, mama mmoja akanifuata, tukaendelea hivyo hivyo na bendi haikusimama.

Nitarudi. Kuleni nyumbani kwanza, vaeni viatu flati, na mkisikia hotuba kuu inaanza ndio wakati wa kwenda kupanga laini ya choo, manake baadaye ni ndefu balaa. Wanafunzi mnalipa nusu ila lazima useme wakati wa kununua, mlangoni hawarudishi pesa.