Uzoefu Wangu na ttyd: Teminali ya Seva Ndani ya Kivinjari

Kazi yangu ya kila siku ni kuhudumia seva za Linux kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali na kuiandikia amri, na ninapokuwa na kompyuta yangu sihitaji kitu kingine. Tatizo huanza ninapolazimika kutumia kompyuta nisiyoruhusiwa kusakinisha programu, au mtandao uliofunga poti namba 22, ambayo SSH huitumia, na kuacha wazi zile za tovuti peke yake. Kwa ajili ya hali hizo niliweka ttyd, programu huria ndogo inayochukua amri yoyote ya teminali (dirisha la kuandikia amri) na kuionyesha ndani ya kivinjari. Ninaipendekeza kwa sharti moja tu: anayeiweka awe tayari kuijengea ulinzi yeye mwenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ulinzi huo haumo ndani yake.

Zamani kazi hii ilifanywa na apleti za Java, yaani programu ndogo zilizoendeshwa ndani ya kivinjari. Chrome iliacha kabisa kuzipokea mwaka 2015 katika toleo la 45, na Firefox ikafanya vivyo hivyo mwaka 2017 katika toleo la 52, kwa hiyo anayekutana leo na mwongozo unaomtaka asakinishe apleti asipoteze muda wake. Mawasiliano ya ttyd hupita kwenye WebSocket, muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva, na maandishi huchorwa kwenye skrini na xterm.js, ambayo ni JavaScript tupu, lugha ambayo kivinjari chenyewe huielewa. Upande wa mtumiaji hakuna cha kusakinisha.

Kuianzisha ni rahisi mno. Ni faili moja la kuendeshwa; ukiandika `ttyd bash` (bash ndiyo programu inayopokea amri kwenye Linux), inaanza kusikiliza kwenye poti 7681, na ukifungua anwani ya seva pamoja na poti hiyo kwenye kivinjari unakuta mahali pa kuandikia amri pakikusubiri. Usishangae ukibonyeza vitufe na pasitokee herufi hata moja. Tangu toleo la 1.7.4 ukurasa hufunguka kwa ajili ya kutazama tu, na anayetaka kuandika lazima aongeze `-W`. Naona huu ni uamuzi wa busara, maana unamlazimisha mtu afikiri kabla ya kumpa mgeni kibodi ya seva yake.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia. Ukishaweka `-W`, kila anayefungua ukurasa ule anapata uwezo wa mtumiaji aliyeiendesha ttyd, na ikiwa iliendeshwa na root, akaunti yenye mamlaka yote, basi amekabidhiwa mashine nzima. Kwa sababu hiyo nilifungua akaunti mpya isiyo na madaraka yoyote, nikaifanya ttyd iendeshwe na akaunti hiyo, na amri inayoonyeshwa si `bash` bali ni `ssh` ya kwenda kwenye seva ninayotaka kuifikia, ili nenosiri la seva lenyewe libaki kizuizi cha mwisho. Kisha niliongeza `-i lo`, ambayo huifanya isikilize ndani ya mashine tu, nikaweka mbele yake nginx, programu ya seva ya tovuti inayopokea maombi na kuyapeleka kwa ttyd, ikiwa na cheti cha HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Bila HTTPS, kila unachoandika, manenosiri yakiwemo, hupita wazi kwenye mtandao. ttyd ina chaguo la `-c` la kuweka jina na nenosiri, lakini maneno hayo hukaa kwenye mstari wa amri, ambako mtumiaji mwingine wa mashine hiyo anaweza kuyasoma kwa `ps`, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Ndiyo maana nilipendelea nginx ndiyo idai nenosiri, kutoka kwenye faili lake ambamo nenosiri limehifadhiwa likiwa limesimbwa.

Katika nginx yapo mambo ambayo hayasameheki. Lazima uandike `proxy_http_version 1.1` na upitishe vichwa vya `Upgrade` na `Connection`, ambavyo huomba muunganisho wa WebSocket, la sivyo ukurasa utafunguka vizuri kabisa huku teminali ikishindwa kuunganishwa, na anayeanza anaweza kutafuta kosa kwenye ttyd wakati halipo huko.

Katika matumizi, maandishi huja haraka, rangi hutoka sawasawa, na programu zinazojaza skrini nzima, kama `vim` ya kuhariri maandishi na `htop` ya kutazama hali ya mashine, hufanya kazi kama kawaida. Mtandao ukikatika, ujumbe hutokea katikati ya skrini ukikutaka ubonyeze Enter ili uunganishwe upya, ila muunganisho huo huanzisha amri upya na ulichokuwa ukikifanya kinakuwa kimepotea. Dawa yake ni tmux, programu inayoendeleza kikao kwenye seva hata muunganisho ukikatika: ukiingia kwenye seva kwa `tmux new -A -s kazi`, unarudi pale pale ulipoachia, hata ukifungulia kivinjari kingine.

Kinachosumbua zaidi ni vitufe. Aliyezoea Ctrl+W kufuta neno kwenye teminali atagundua kwamba kwa kivinjari hiyo ni amri ya kufunga kichupo. ttyd huomba kwanza uthibitisho wa kuondoka, jambo linalookoa, lakini mimi nimejizoeza kutumia Alt pamoja na Backspace, ambayo katika bash hufuta neno vilevile.

Kwa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachoaminiana, inatosha kabisa. Mahali penye watumiaji wengi wanaohitaji haki tofauti, kumbukumbu za kila kikao, au hata skrini za Windows, ningeweka Apache Guacamole, mfumo mkubwa zaidi wa kufikia kompyuta kupitia kivinjari, ingawa kuisanidi ni kazi kubwa zaidi.