Tuisheni ya imyunolojia (somo la kinga ya mwili) Moshi, elfu tano yangu haikupotea

Wadau jumamosi nilienda ile tuisheni ya jioni ya wanafunzi wa maabara hapa Moshi, elfu tano masaa mawili. Mada ilikua kinga ya utumbo nikajua leo nalala, kumbe wapi! Ticha kaanza na seli za stroma, zile ambazo wote tulikua tunaziona kama nguzo tu za kushikilia nyumba, akasema hapana, hizo ndo fundi wenyewe na kazi zinaanza mtoto akiwa bado tumboni kwa mama. Yaani kuna seli za kinga zinakuja na limfotoksini (protini ya kupeana ishara) zinaigusa stroma ya utumbo mdogo, stroma inaamka inamwaga kemokaini (protini za kuita seli), seli zingine zinaitika kama abiria wakisikia konda anaita, ndo yanajengeka mabaka ya Peyer, yale makundi ya seli za kinga kwenye ukuta wa utumbo (Peyer mwenyewe, mzee wa watu, aliyaandika tangu 1677, hadubini zenyewe za wakati huo sijui zilikuaje). Na zikifika hazikai ovyo, kemokaini ya CXCL13 inavuta seli B (aina moja ya seli za kinga) kwenye folikoli zao, yaani vifundo vyao, zingine za CCL19 na CCL21 zinavuta seli T (aina nyingine) pembeni. Ticha akasema ni kama ndizi uende soko la Mbuyuni, mitumba uende soko la Memorial. Hapo nikaelewa mazima.

Shida ni handauti, kopi imefifia huoni folikoli wala nini, afu chini kuna jamaa wanachomelea mageti mpaka saa moja, nusu ya maswali hayakusikika. Viti navyo, mh. Wiki ijayo narudi, ila nakuja na mto wangu.