TAHADHARI: Chokaa feki ya nyumba za mawe inauzwa Mwanza

Wakuu, nimepigwa. Mimi ninayewasema kila siku msitie saruji kwenye nyumba za mawe, nimetia saruji na sikujua. Chekeni kwanza, halafu msome.

Ni ile nyumba ya mawe ninayoikarabati chini ya kilima cha Bugando. Muuzaji yuko upande wa Igoma, hana bango. Nilipofika alichukua bonge la chokaa ya kuchoma, kama ngumi hivi, akalitumbukiza kwenye ndoo ya bati yenye maji kidogo. Likakaa kimya, nikaanza kumtazama vibaya. Mara likapasuka, maji yakachemka, mvuke ukapanda mpaka miwani ikaingia ukungu. Chokaa halisi hivyo ndivyo inavyozimika, yaani inavyokunywa maji na kuchemka! Akafungua pipa, akachota uji wa chokaa kwa mwiko, akaugeuza mwiko juu chini. Uji umeng'ang'ania, haudondoki. "Bosi wangu, hii imelala majini miezi mitatu. Chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mto uliooshwa, saruji usiiguse."

Sasa mtu anayeongea hivyo utamtilia shaka gani? Hayo ni maneno ya fundi aliyekaa na chokaa maisha yake yote.

Kumbe bonge na pipa vilikuwa vya maonyesho. Nilichopakiziwa ni mifuko 40 ya kilo 25, kila mmoja 14,000, eti chokaa iliyozimwa tayari, ya unga. Ndani ni unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa uliochanganywa na saruji nyeupe. Siku tano tulijaza viungio, yaani nafasi kati ya mawe, vya kuta mbili. Kwamba inakaza haraka tuliona, tukasema ni jua. Siku ya sita ikabaki nusu ndoo ya mchanganyiko. Fundi akaimwagia maji juu na kufunika, maana chokaa haigandi bila hewa, kesho yake unaikoroga unaendelea. Asubuhi mwiko umenasa humo humo. Kuunyanyua, ndoo nayo ikaja.

Kwa wageni wa mambo haya: graniti yetu hainywi maji, kwa hiyo ukuta unapumulia kwenye viungio. Ukiviziba kwa saruji, unyevu uliopanda kutoka chini unakosa pa kutokea nje, unageukia ndani. Plasta inavimba malengelenge, chumvi nyeupe inachanua, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani vinaoza polepole bila mtu kuona. Sasa tunachokonoa yote, kina cha sentimita 2.5, kwa nyundo na tindo. Grainda hapana, itakula kingo za mawe yaliyochongwa kwa mkono na hazirudi. Mafundi wawili wanashinda kutwa, hawajamaliza kuzunguka dirisha moja.

Na huyo mtu simu inaita tu! Ameuza mifuko mingapi mingine kwa watu wasiojua hata kuuliza? TBS, watu wa viwango, wapo, Wakala wa Vipimo wapo, polisi wapo. Mwenye mifuko yake ambayo haijafunguliwa asiitupe, tuungane twende nayo kama ushahidi.

Dalili? Mfuko hauna jina la kiwanda wala tarehe. Nilipotaka kufungua mmoja akasema utaingia hewa utaharibika, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana nikanyamaza. Dondoshea unga limao: ukitoa povu kama soda, hayo ni mawe yasiyochomwa, au chokaa iliyokwisha kula hewa, na vyote havikufai. Au koroga kidogo na maji matupu, zamisha kwenye kopo usiku kucha. Ikiwa jiwe, ni saruji. Kopo moja tu na limao la shilingi mia, wakuu. Nilikuwa navyo vyote jikoni.

Huyu asifungwe haraka. Kwanza aletwe hapa, apewe tindo, aanzie ukuta unaotazama ziwa, na grainda tutamfichia.