Tahadhari: nimelipia beringi ya gurudumu la mbele, kumbe hata nati haikufunguliwa

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa uchungu wa shilingi 110,000 na kwa aibu kidogo, maana siku zote mimi ndiye nawahubiria jamaa zangu "daini spea kuukuu mkitoka gereji". Nilidai. Nikapewa. Na bado nikapigwa.

Gari ni Toyota IST, toleo la kwanza. Wiki kama tatu gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa mluzi mwembamba kila nikikaribia mataa, mimi naongeza sauti ya redio. Asubuhi moja natoka Kimara kwenda mjini, mluzi ukageuka: kwaruuu, kama mtu anaburuta sufuria kwenye sakafu ya saruji. Nikachungulia kwenye matundu ya rimu, nikaona pedi ya breki ya nje bado nene. Nikajiambia breki ni nzima, tatizo liko kwingine. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Nikaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea. Pale nina watu ninaonunua kwao miaka na sina neno nao, ila siku hiyo nilidakwa na kijana kabla sijapaki: "Bosi, gurudumu hilo linalia, nimelisikia toka kule." Akanipeleka kwenye duka la wenzake. Duka linauza, mafundi wamekaa nje kwenye benchi, timu moja. Wakapiga jeki, mmoja akashika tairi juu na chini akalitikisa hadi gari zima likayumba. "Unaona? Beringi imekufa. Ukisafiri nayo, tairi litakutangulia Morogoro."

Leo najua kwamba gari lolote lililo juu ya jeki ukilisukasuka vile litayumba. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu, ikilegea unaisikia mkononi, kitu kinagonga ndani kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hata ukitikisa taratibu.

Boksi likafunguliwa mbele yangu, beringi inang'aa, 75,000. Ufundi 35,000, kwa sababu "lazima iende kwenye presi", mashine ya kushindilia. Na hili la presi ni kweli kabisa: beringi ya mbele ya IST imeshindiliwa, haitoki kwa mikono. Ndiyo maana maneno yao yananoga, wanachanganya na ukweli. Kisha: "Bosi, hii ni kazi ya saa mbili, si ukale kwanza?" Nikavuka kwa mama ntilie, nikaagiza wali na samaki. Narudi, tairi limeshafungwa, wananawa mikono. Nikadai ya zamani kwa sauti ya mtu asiyechezewa. Wakanikabidhi bila ubishi, imefungwa kwenye gazeti, grisi nyeusi, ukiizungusha inakwaruza. Nikaondoka kifua mbele.

Kelele ilikuwepo vilevile. Nikapiga simu, nikaambiwa beringi mpya "inajizoesha", niipe kilomita 200. Wakuu, beringi mpya haijizoeshi chochote. Ikifungwa inakaa kimya siku hiyohiyo. Mimi nikaendesha siku tano nasubiri izoee.

Siku ya sita nikaenda kwa mzee mmoja fundi mtaani kwetu, mtu wa maneno machache. Kabla hajagusa kitu akauliza, "Inalia ukikanyaga breki, au hata usipokanyaga?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafikiri: ukikanyaga inazidi. Akavua tairi. Pedi ya ndani, ile usiyoiona kwa nje, ilikuwa imeisha kabisa, kimebaki chuma kinasaga diski. Ukipitisha kucha kwenye diski inazama kwenye mifereji. Pini za kalipa, kile kibanio cha pedi, zilikuwa zimekwama kwa kutu, kalipa haitelezi, kwa hiyo pedi ya ndani ikawa inabeba kazi yote peke yake. Na ule mluzi wa wiki tatu ulikuwa kale kaulimi ka chuma kwenye pedi, kalikowekwa makusudi kapige kelele pedi ikikaribia kuisha. Mimi nikakazima kwa redio.

"Na beringi mpya je, mzee?" Akaniita niiname. Nati kubwa ya katikati, inayoshika shafti ya kuzungusha gurudumu, ukingo wake hubonyezwa kwa tindo uingie kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Huwezi kutoa beringi bila kuifungua nati hiyo, na huwezi kuifungua bila kulinyanyua bonyeo. Bonyeo la kwangu lilikuwa na kutu ya miaka, na tope kavu jekundu limejaa kwenye mfereji, halijaguswa hata na ukucha. Nikamletea ile ya gazetini toka kwenye buti. Akachukua kuukuu ya Vitz, gari ndugu na IST, toka rafuni kwake, akaiweka juu ya yangu. Yangu imeizidi karibu upana wa kidole. "Hii ya gari kubwa," akasema, akarudi kwenye kalipa.

Kwa hiyo wanayo beringi mbovu ya maonyesho, ya kuwapa wajanja kama mimi. Ile mpya ya boksini bila shaka imerudi rafuni kumsubiri mwingine.

Ukisikia kelele mbele, kabla hujaenda popote tafuta barabara tupu usikilize. Ikizidi ukikanyaga breki, anzia kwenye pedi, na uone ya ndani, siyo ya nje tu. Beringi huwa inaunguruma, na muungurumo unapanda na mwendo. Ukipeleka usukani kulia kidogo uzito unaegemea kushoto, ikizidi hapo basi ni ya kushoto. Ta-ta-ta ukikata kona usukani ukiwa umeisha, hiyo ni CV joint, kiungio cha shafti. Na kukwaruza kulikoanza ghafla baada ya kupita barabara ya kokoto mara nyingine ni kijiwe tu kati ya diski na lile bati la vumbi nyuma yake, kinatolewa na bisibisi.

Kama ni beringi kweli, paka nati ile alama ya rangi ya kucha kabla ya kazi, na usiende kula. Mimi pia sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa kikaratasi chenye namba ya simu tu, hivyo hata pa kwenda kulalamika sina cha kushika. Pedi mpya zimenila 40,000 na diski za mtumba, mbili, 70,000. Kama ningebadilisha pedi siku ya mluzi, diski zisingeguswa.

Jumamosi nilirudi pale. Nikaambiwa fundi aliyenihudumia ameacha kazi. Chini ya benchi palikuwa na ndoo ya rangi ya lita 20 imejaa beringi chakavu za kila saizi, na mbele yake Ractis iko juu ya jeki, haina mtu. Nikavuka kwa mama ntilie kumtafuta mwenye gari. Alikuwa ndiyo kwanza ameletewa sahani.