Huduma ya Tiba ya Usemi Katika Skuli ya Maandalizi, Chake Chake: Tathmini ya Mzazi

Kwa mihula miwili sasa mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka minne na nusu, amekuwa akihudumiwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha anayefika skulini kwao, pembezoni mwa mji wa Chake Chake, siku ya Jumanne kila baada ya wiki mbili. Skuli sitaitaja jina, kwa kuwa habari hii imebeba watoto wa watu wengine pia, lakini huduma yenyewe nimeona niieleze kwa kirefu, maana wazazi wengi wa hapa Pemba hawajapata kuiona, na wengine huidhania kuwa ni ya watoto viziwi peke yao. Malipo ni shilingi 20,000 kwa muhula, juu ya ada ya kawaida.

Mwanangu alikuwa msemaji sana, ila sauti ya k haikuwamo kinywani mwake. Kuku alimwita "tutu", kikombe akakiita "titombe", na kaka yake alikuwa "tata". Watoto wengi hupitia hali hiyo na kuiacha wenyewe kabla ya kufika miaka minne. Yeye alifika minne bila ya kuiacha, na mtu asiyekuwa wa nyumbani alimfahamu kwa shida. Bibi yake, ambaye ndiye anayeshinda naye mimi nikiwa kazini, alikwishaamua kuwa ni ulimi mzito na kwamba dawa yake ni kumkata kimeo.

Jambo la kwanza alilotutaka mtaalamu, kabla ya kumfundisha mtoto neno lolote, ni kumpeleka hospitali akapimwe masikio, kwa sababu mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio huzisikia sauti nusunusu na huzisema vile vile azisikiavyo. Masikio yalikuwa salama. Mtaalamu akaja nyumbani, akamwamkia bibi, akampaka mtoto asali kidogo juu ya mdomo, na mtoto akailamba yote. "Bibi," alisema, "ulimi huu haukufungwa popote, unafika unakotaka. Na kimeo hakihusiki na sauti hii. Ukikikata unamtia mtoto katika hatari ya kutoka damu nyingi na kuingia maradhi." Hakumkemea wala hakumcheka. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamjibu, "Haya mwanangu, tufundishe basi tufanye nini."

Alichotufundisha ni mchezo. Alitandaza mkekani picha mbili, moja ya kaa wa mikoko na nyengine ya taa ya chemni, akamwambia mtoto aombe anayoitaka. Mtoto alitaka kaa, akasema "taa", akapewa taa. Akakasirika, akasema "taa" kwa sauti kubwa zaidi, akapewa taa tena. Hakuambiwa amekosea hata mara moja. Alipewa kile kile alichokitamka. Mara ya tatu alisita, akamkazia macho mtaalamu kinywani. Hapo ndipo alipolazwa chali, ulimi ukarudi nyuma kwa uzito wake, akaambiwa atoe sauti kama mtu anayesukutua koo. K ya kwanza ilitoka hivyo, nzito na ya kukwaruza, na bibi akasema mashaallah. Tangu siku hiyo mchezo ule unachezwa nyumbani dakika tano kila jioni, na naamini dakika hizo zimefanya kazi kubwa kuliko Jumanne zote, kwa sababu mtaalamu humwona mtoto nusu saa tu kila baada ya wiki mbili.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni lile la chuoni, anakosomea Kurani. Mtoto anaposoma herufi alikuwa akisema "taf" pahala pa kaf na pa qaf, na maalim wake alikuwa akimrudisha mara nyingi bila ya mafanikio. Mtaalamu aliomba ruhusa, akaenda baada ya alasiri, akakaa nyuma akasikiliza. Baadaye wawili hao walizungumza kwa muda mrefu, na nilishangaa kuona jinsi walivyofahamiana upesi. Maalim anayesomesha tajwidi, yaani kanuni za kuitamka Kurani, anajua fika kwamba ta hutoka kwenye ncha ya ulimi na mashina ya meno ya juu, na kwamba qaf hutoka mwisho kabisa wa ulimi, na kaf mbele yake kidogo. Huo ndio ujuzi wenyewe ambao mtaalamu aliusomea chuo kikuu. Wakakubaliana mtoto asirudishwe mbele ya wenzake, bali aanze na qaf peke yake, kwa kuwa imo nyuma zaidi na haichanganyiki na ta kwa urahisi.

Darasani nako mtaalamu ana kazi nyingine. Humwelekeza mwalimu asimmalizie maneno mtoto mwenye kigugumizi wala asimwambie avute pumzi, bali amsubiri huku akimtazama kwa utulivu. Yumo pia mtoto asiyesema kabisa, ambaye sasa anaonesha picha za maji, choo na kucheza, na kulia kwake kumepungua. Nilifurahi vilevile kuwa mtoto anayesema "kaja" badala ya "amekuja" hahesabiwi kuwa na tatizo, kwani anasema kama wanavyosema kwao.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ripoti ya kwanza ililetwa kwa Kiingereza, ilhali msomaji wake mkuu alipaswa kuwa bibi. Tulilalamika, na ya pili ikaja kwa Kiswahili kizuri. Wiki za mwanzo mtoto alikuwa akitolewa darasani peke yake, wenzake wakaanza kumwita bubu, na skuli ilichelewa kulishughulikia hilo mpaka nilipokwenda mwenyewe. Mtaalamu anatoka Unguja kwa boti, na wakati wa masika Jumanne tatu zilipotea bila ya kufidiwa. Uchache wa wataalamu hawa ndio mzizi wa shida hii, kwani fani yenyewe ni changa kwetu: Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambacho ni miongoni mwa vya mwanzo kuifundisha katika Afrika Mashariki, kilianza mwaka 2008 tu. Hata hivyo, mzazi aliyelipa ana haki ya kupewa taarifa mapema kwamba mtaalamu haji.

Kwa leo "kaa" inatoka safi, "kuku" pia, na "kikombe" hurudi kuwa "titombe" anapokuwa na haraka. Nitaendelea kulipia muhula ujao, na mzazi aliye na mtoto wa namna hii namshauri asingoje darasa la kwanza. Siku ya mwanzo achukue kadi ya kliniki na aende pamoja na yule anayeshinda na mtoto kutwa, akiwa ni bibi, shangazi au dada wa nyumbani, kwa sababu huyo ndiye atakayefundishwa mchezo.