Uzoefu wangu na Metashape: kupima flenji kwa picha

Kwa miezi minane sasa natumia Agisoft Metashape, programu inayogeuza picha nyingi kuwa umbo la pande tatu, kupima flenji za pampu (zile duara za chuma zinazounganisha pampu na bomba), zile kubwa ambazo venia, kipimo cha mkono cha taya mbili, haizifikii. Naipendekeza kwa moyo wote, ila chukueni toleo la Professional. La Standard haliwezi kutumia alama za kubandika wala fimbo za kipimo, yaani fimbo za urefu unaojulikana zinazoipa programu ukubwa halisi, na bila hizo utapata umbo zuri la kutazama lakini huwezi kukata chuma kwa kulifuata.

Flenji ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha mita 1.2. Nilitumia lenzi ya kuvuta, fokasi ikijirekebisha yenyewe, nikapiga picha zote kwa kusimama wima juu yake. Umbo likatoka limebinuka kama sahani iliyofunikwa. Nikalaza rula ya chuma juu ya flenji yenyewe na kumulika tochi kwa nyuma: hata uzi wa mwanga haukupita. Flenji ilikuwa bapa, picha zangu ndizo zilizopinda.

Fokasi ikisogea, lenzi inapinda mistari kwa namna nyingine, na programu inabaki kuhesabu lenzi ambayo haipo. Siku hizi natumia lenzi ya milimita 35 isiyovuta, fokasi nimeifunga kwa utepe wa fundi umeme, kamera iko kwenye stendi. Napiga picha kama 60 kutoka vimo viwili, kamera ikiinamia flenji kutoka kila upande. Huko kuinamia ndiko kulikoondoa ule mbinuko. Picha chache nazipiga kamera ikiwa imegeuzwa nyuzi 90, ili programu ipate katikati halisi ya lenzi.

Fimbo za kipimo wekeni mbili. Urefu wa moja ipeni programu, wa pili ificheni, kisha linganisheni urefu wake halisi na ule programu inaoupima. Mara ya mwisho yangu ilitofautiana kwa milimita 0.09. Na jamani, msiziache juani! Chuma cha mita moja hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Fimbo ikizidi flenji kwa nyuzi 20, tayari umepoteza karibu robo milimita. Mimi naviacha vyote kivulini usiku kucha, napima asubuhi.

Uso uliotoka kwenye mashine ya kukereza unang'aa, na programu haioni kitu hapo. Nyunyizeni unga wa chaki, safu nyembamba tu, na mfute vizuri kabla ya kurudisha gasketi.